Tunainywa Shimba, Tunaiota Mara

Jumatatu ile nilipoingia kazini na kusema kwamba Jumamosi nilikwenda mbugani na familia, wenzangu walisogeza viti. Nilipotaja kuwa mbuga yenyewe ni Shimba Hills, hapo juu Kwale, viti vikarudi palepale. "Mmeona simba?" La. "Chui je?" Wapi! "Sasa mlikwenda kuona nini?" Nikawaambia: palahala watatu, mbega kundi zima, nyati kwa mbali, na ndovu mmoja upande wa mkia. Wakaangua kicheko. Mmoja wao, ambaye havuki Likoni isipokuwa kuna harusi au matanga, akanipa ushauri wa bure: jikusanye mwaka mzima, uende Mara mwezi wa nane ukaone nyumbu wakivuka mto, ndipo nawe utasema umetembea.

Sina ugomvi na nyumbu. Mungu akijaalia nitakwenda, na nitashangaa kama wanavyoshangaa wengine. Kilichonikera ni lile swali, "mlikwenda kuona nini?" Hilo ni swali la mtu aliyesimama dukani: toa bidhaa, niipime, nijue kama pesa yangu imerudi. Kwa mizani hiyo Shimba haina bei. Eneo lake halizidi kilomita za mraba 300, na Tsavo mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, ukiziunganisha zinapita 20,000. Tena ni msitu. Mnyama akishaingia hatua kumi ndani, kwaheri. Mtu aliyezoeshwa na televisheni kuona simba akimrukia swala kila baada ya dakika tano atarudi nyumbani akidai kaibiwa.

Nami nasema mizani hiyo ni mbovu, na kama kuna watu wasiostahili kuishika ni sisi wa Mombasa, kwa sababu mlima ule tunaunywa.

Tulikuwa wanne: mimi, mama yangu, mpwa wangu wa miaka tisa, na jirani mwenye Probox aliyekubali kutupeleka kwa mafuta na chakula cha mchana. Mama ni mzaliwa wa Golini, karibu na mji wa Kwale, ingawa ameishi Kisauni tangu alipoolewa. Nilipomwambia tunakwenda safari aliniuliza ni safari gani hiyo ya kwenda na kurudi jioni. Kwake safari ni Lamu, au Hija. Kwale ni kwenda kusalimia. Hata hivyo alfajiri nilimkuta tayari: buibui limenyooshwa, hotpoti ya mbaazi za nazi iko mlangoni, mahamri yamefungwa kitambaani, na chupa mbili za chai.

Ukishavuka feri na kuiacha Likoni, barabara inafuata pwani mpaka Kombani, hapo unakata kulia na kuanza kupanda. Ni mwendo mfupi tu, lakini jasho la Mombasa linakukaukia mgongoni kabla hujafika juu. Mama alifungua kioo akatoa mkono nje.

Langoni malipo ni ya simu, na mtandao kule mlimani una hiari yake. Dereva wetu alipanda juu ya jiwe akainua simu kama mtu anayeomba mvua. Nyuma yetu yakaja magari mawili ya watalii kutoka hoteli za Diani, kila kitu kimeshalipwa, yakapita. Mama hakuwa na haraka. Alishamwita askari kijana aliyekuwa zamu, akaitikia shikamoo yake, akamuuliza nyumbani ni wapi, na kabla mtandao haujarudi wawili hao walikuwa wameshagundua kwamba shangazi wa yule kijana aliolewa na mtu ambaye mama anamjua. Ndiyo maana, nadhani, tulipata askari mwenye maneno. Aliingia nyuma ya gari, bunduki katikati ya magoti, hamri mkononi.

Palahala tuliwaona mapema, kabla ya saa nne, pale nyasi zinapoachia na msitu kuanza. Dume alikuwa amesimama kiubavuubavu, mweusi wa kung'aa kama mpingo uliopakwa mafuta, tumbo jeupe, usoni milia myeupe na myeusi kana kwamba kuna aliyekaa naye akampaka. Pembe zimepinda kwenda nyuma kama majambia mawili. Majike wawili, rangi ya njugu zilizokaangwa, walikuwa wakila bila habari nasi.

"Bibi, huyu ni mbuzi mkubwa?" mpwa wangu akauliza.

"Mbuzi wa nani huyo? Nani atamshika amchinje?"

Askari akasema, "Mama, hawa hata Mara hawapo." Na ni kweli. Palahala wako wengi Tanzania na kusini zaidi, lakini Kenya nzima kundi lililobaki porini ni hili la Shimba, na sensa ya wanyamapori ya 2021 haikuwafikisha 100. Nilifanya hesabu pale garini: nyumbu wa Mara na Serengeti wanahesabiwa kwa malaki na malaki, hawa ningeweza kuwapa majina wote. Lakini hakuna anayejikusanya mwaka mzima kuja kumwona palahala.

Zamani walikuja watu kumfuata, ila si kwa kamera. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ndio kwanza ametoka kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, na msafara wa kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Kermit alikuja huku milimani kuwinda palahala. Mwaka uliofuata mtaalamu wa msafara ule, Edmund Heller, akampa palahala wa pwani yetu jina lake la kitaalamu, na mwisho wa jina hilo akaweka roosevelti. Aliyepiga risasi ndiye aliyepewa mnyama. Watu waliokuwa wakiishi naye na kumwita kwa jina lake hakuna aliyewauliza, wala sidhani kama walipata habari.

Kilichonikaa zaidi, hata hivyo, si palahala. Ni kokwa.

Tuliteremka kunyoosha miguu mahali ambapo askari alisema ni salama, na mpwa wangu akatuita. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kinyesi cha ndovu, madonge sita au saba, kila moja kama nazi isiyofuliwa. Juu yalikuwa yamekauka. Ndani yamejaa nyuzinyuzi za majani kama makumbi. Katikati ya donge moja kokwa ya embe ilikuwa imepasuka mdomo, na kutoka mdomoni mle kimechomoza kichipukizi cha majani mawili, laini, mekundu ya damu ya mzee, kama yanavyokuwa majani ya mwembe yanapozaliwa. Mtoto akataka kujua mwembe wenyewe uko wapi. Askari hakujibu. Alitazama tu upande wa chini, kule miti inapokoma na mabati ya nyumba kuanza kumetameta.

"Juzi tembo walivuka uzio upande ule," akasema hatimaye.

"Tembo kwetu huvuka kila magharibi," mama akamjibu, "na hakuna uzio wa kulizuia." Dereva alicheka mpaka akashika bodi ya gari. Mtoto hakuelewa, na mama hakutaka kumweleza habari za wagema.

Utani ulipita, embe likabaki. Msitu huu ulitangazwa wa serikali mwaka 1903, na 1968 ukawa hifadhi ya wanyamapori, lakini ndovu hakupewa nakala ya gazeti la serikali. Yeye anajua njia alizoonyeshwa na mama yake, na njia hizo leo zina minazi, mihogo, mahindi, michungwa na shule za msingi. Mwaka 2005 ndovu walionekana kuzidi. Wakadungwa sindano za usingizi, wakapakiwa malorini, na 150 kati yao wakapelekwa Tsavo Mashariki. Kazi kubwa, ya gharama kubwa. Lakini ndovu hapotei njia ya kwenye embe, na waliobaki walikuwa na watoto.

Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1990, wakulima wa Kidigo na wa Kiduruma upande wa kaskazini walifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko malori yale. Waliunganisha mashamba yao yaliyokuwa yakiliwa kila msimu, wakayaacha yawe pori, wakaanzisha hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje. Badala ya kuvuna mahindi wakawa wanavuna wageni: pesa za langoni zinagawanywa kwa wenye ardhi, na kinyesi kile kile kinachemshwa, kinapondwa na kufanywa karatasi za kuuza. Ninakubali kwamba mgao si mshahara. Wageni wakipungua, sufuria nalo linapungua, na mhogo ulioacha kuulima huwezi kuudai. Lakini pale jirani wa ndovu alifanywa mwenye mali, hata kama mali yenyewe ina miaka mibaya. Kwingine kote kuuzunguka mlima, jirani ni mtu wa kuambiwa avumilie.

Sheria haikumsahau. Ile ya wanyamapori ya mwaka 2013 imetaja fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, na mazao yaliyoliwa nayo yamo. Tatizo la sheria nzuri ni kwamba ndovu anakula usiku mmoja na fomu inasafiri miaka.

Saa sita hivi tulifika penye maporomoko ya Sheldrick, au tuseme tulifika mahali gari linapokomea. Kuteremka mpaka majini ni kwa miguu, kilomita mbili hivi, na askari lazima mwende naye. Mama alitazama mteremko, akatazama magoti yake, akatandika leso chini ya mti na kusema atachunga chai. Dereva naye akagundua ghafla kwamba gari halifai kuachwa peke yake.

Njiani askari alituonyesha mti huu na ule. Mimi najua mwembe, mnazi na mwarobaini, kwa hiyo nilikuwa nikiitikia tu. Wataalamu wa mimea wanasema zaidi ya nusu ya mimea adimu ya Kenya inapatikana katika msitu huu. Mtu wa kawaida kama mimi anaona kijani. Anasikia zaidi kuliko anavyoona: hondohondo wanavyopiga makelele kama watu waliokosana nyumba moja hadi nyingine, mbega wanaporuka tawi kwa tawi na mti mzima kushusha pumzi. Halafu, kabla ya kuyaona, unayasikia maji.

Si maporomoko ya kutisha. Yanaanguka futi 70 hivi kwenye kidimbwi, na mtoto anaweza kuingia maji ya magotini. Mpwa wangu aliingia na viatu. Nilikaa juu ya jiwe nikajaribu kufikiria yametoka wapi, kwa kuwa mito mikubwa haipo huku wala theluji haipo. Yametoka baharini. Upepo wa kusi unapanda na unyevu wake, unakuta ukuta wa mlima unaozidi mita 400, unasimama, unamwaga. Asubuhi hata siku isiyo na mvua utakuta ukungu umelala juu ya miti na miti inadondosha matone. Mawe ya huku ni ya mchanga. Yanafyonza pole pole na kutoa pole pole. Bila miti, mvua ile ile ingeshuka siku moja, nyekundu, na mashamba ya watu ndani yake, halafu basi.

Mojawapo ya mahali mlima huu unapoachia maji yake ni chemchemi ya Marere, na kutoka Marere bomba linashuka mpaka mjini kwetu. Sitaki kutia chumvi: Marere pekee haiinyweshi Mombasa. Chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki vinatoa zaidi, na Tiwi pia inachangia. Lakini maji ya mlima huu yamo mferejini mwetu siku nyingi, kabla wengi wetu hatujazaliwa, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia mtu wa Mombasa akimtaja mtu wa Mkongani, kando ya mlima, kwa shukrani, wala hata kwa jina. Mfereji ukikauka tunamtukana mwenye kampuni, tunamwita muuza maji na mkokoteni wake, tunanunua mitungi. Mfereji ukitoka tunaoga.

Kwa hiyo hili ndilo ombi langu, na najua halitanipatia marafiki. Kwenye bili ya maji ya Mombasa kuna mstari wa maji, kuna wa majitaka, kuna wa mita. Uongezwe mwingine, mdogo, uitwe kwa jina lake: Shimba. Pesa zake zisipite kwenye mfuko wa jumla. Zitengeneze uzio unapovunjwa, tena ndani ya siku, si baada ya barua tatu. Na zimlipe aliyepoteza shamba msimu ule ule aliopoteza. Hesabu yake ibandikwe kwenye mbao za matangazo, kule kwenye baraza za machifu na huku kwetu pia.

Utasema bili ishatuvunja mgongo. Ni kweli kwa anayenunua kwa mtungi, na huyo asiguswe. Yeye kwa lita analipa mara nyingi zaidi ya sisi wenye mita. Nasema na wenye mita, na hoteli, na wenye matangi ya lita elfu kumi juu ya dari. Utasema pesa zitaliwa. Huenda. Lakini wasiwasi huo hatuuoni tunapomchangia mgombea kiti, na ndovu hajawahi kungoja tuwe waaminifu kwanza.

Lingine ni la watoto, na hili nina kisasi nalo. Darasa la sita, shule yangu ilituchangisha pesa za kwenda Shimba Hills. Tuliahidiwa wanyama na ndege. Siku ilipofika basi lilikata kona upande mwingine, likatupeleka uwanja wa ndege, tukasimama kwenye waya kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Mwalimu alipoulizwa na wazazi alisema ahadi imetimia: ndege tuliwaona. Mpaka leo sijui zile pesa zilibadilishana mikono wapi, lakini najua nilimaliza shule, nikaanza kazi, nikaoa, na nikawa na mvi kabla ya kupanda mlima ninaouona nikiwa Likoni siku za anga safi. Na siko peke yangu. Waulize vijana wa Majengo, Tudor, Changamwe, ni wangapi wamefika. Watakutajia Mara, watakutajia hata Serengeti, kwa sababu wameziona kwenye simu.

Kiingilio cha Shimba kingefutwa kwa kila mtoto wa shule wa pwani, nani angefilisika? Watalii wa Diani wataendelea kuja kwa nusu siku yao, wapige picha ndovu akijitokeza, warudi baharini. Nawatakia heri. Ila mgeni hawezi kukulindia kisima. Atakayekuja kupiga kelele siku mtu akipeleka msumeno wa mashine Marere ni yule aliyewahi kuloweka viatu pale Sheldrick.

Viatu vya mpwa wangu vilikuwa vinatoa sauti ya chura wakati tunapanda. Alikuwa amejaza chupa ya soda maji ya maporomoko ampelekee bibi yake. Mama aliipokea, akaifungua, akanusa, akatushukuru. Kisha akaitumia kututawadhisha mikono, kila mtu kwa zamu, kabla ya kugawa mbaazi. Askari alinawa wa mwisho na chupa ikaisha.

Tulitoka langoni saa tisa. Mbele kidogo, kando ya barabara, mama mmoja wa makamo alikuwa amepanga machungwa mafungu mafungu juu ya gunia, ya kijani, madogo, kama machungwa ya huku yalivyo. Mama yangu akamwambia dereva asimame. Walisalimiana kirefu, Kidigo kwa Kidigo, na nilidaka sehemu tu: Alhamisi usiku, mbwa kubweka, mume kutoka na debe la kupiga, ndovu watatu. Michungwa miwili imelala chini na mizizi yake. Fomu amejaza, ni ya tatu, ile ya kwanza aliijaza mtoto wake wa mwisho akiwa tumboni, na sasa mtoto yuko darasa la pili.

Kisha biashara ikaanza, kwa Kiswahili, nasi tusikie.

"Fungu kiasi gani?"

"Hamsini."

"Hamsini, machungwa manne? Mwanangu, hata Marikiti hawauzi hivyo."

"Mama," yule muuzaji akasema, akiyageuza machungwa ili upande mzuri utazame juu, "hesabu na yale aliyokula ndovu."

Mama yangu hajawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote. Nimemwona akipatana bei ya sanda. Alimtazama yule mwanamke, akayatazama machungwa, akafungua mkoba na kuomba mafungu matatu.